Mama Yake Okeyo

Jumanne, 3 Machi 1964
Meli ya Kisumu imefika saa nne. Nimepanda na birika la chai na vitabu vya nyimbo, kama kila Jumanne. Mabaharia saba kwenye maombi. Nimewaandikia barua tatu.

Jana mdogo wake Okeyo alinitumia habari kutoka Rongo: mama yao amefariki, nimwambie Okeyo aje. Okeyo ni kifungua mimba, anachochea moto wa injini ya meli hiyo. Sikumwambia amekufa. Kwetu mtu aliye safarini hatupiwi msiba hivi hivi. Anaambiwa mgonjwa, afike nyumbani ndipo ajue. Nikasema, "Mama anaumwa, nenda nyumbani."

Akacheka. "Ni malaria tu hiyo, mwalimu. Nikirudi Jumanne nitaenda."

Nikasema sawa. Sawa! Saa sita meli ikaondoka kwenda Musoma na Mwanza.

Jumatano, 4 Machi
Sikula. Nahodha angempa ruhusa, ningemwomba tu. Desturi ni kisingizio. Niliogopa angelia mbele yangu nami nikose la kumwambia. Mwinjilisti mzima.

Ijumaa, 6 Machi
Wamezika jana. Joto hili, wasingeweza kungoja zaidi. Udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza. Ametupa mdogo wake.

Najichukia.

Jumanne, 10 Machi
Okeyo ameshuka na blanketi jipya kutoka Mwanza, la mama. Nimemwambia pale pale gatini, watu wakipita na magunia. Hakulia. Aliuliza alifariki siku gani. Jumatatu ya wiki iliyopita, nikasema.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Nilitamani anipige.

Jumatano, 11 Machi
Nimemsindikiza Rongo. Wazee walimngoja kwa ukali. Mtoto gani anapata habari ya mama yake halafu anapanda meli? Mdogo wake akanigeukia, akauliza kama ujumbe wake ulinifikia.

Okeyo akanitangulia kujibu. "Mwalimu aliniambia yote. Ni mimi nilichagua kazi."

Wakamsema sana. Alitazama chini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ndefu kabisa, na mdomo haukufunguka.

Baadaye wakaniletea kiti, wakanishukuru kwa kumleta, wakaniomba niongoze maombi. Nikayaongoza.