Programu ya Bujumbura na Ndagala Zangu

Mulongwe, Uvira
Tarehe 11 Juni 2023

Mpendwa mdogo wangu Yasmine,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lyon, wewe na bwana wako, na yule mtoto wa mwisho aliyekuwa na kikohozi. Je, kimepona? Sisi hatujambo. Bwana wangu Mahamudi mgongo bado unamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jiko letu lililochukuliwa na mto mwaka ule wa mafuriko tumelijenga tena, na safari hii tumeliweka mbali na maji.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwenye grupu ya familia kila neno linasomwa na watu wote, mpaka wakwe, na haya ninayotaka kusema ni yako peke yako. Jirani yetu Protais anakuja kusoma huko, ndiye niliyempa aibebe.

Nimesoma programu ya likizo yako. Wifi yetu Candide, mke wa kaka Kasimu huko Bujumbura, aliiweka kwenye grupu Ijumaa, tangu saa utakayoshuka kwenye ndege Bujumbura mpaka saa utakayopanda tena. Nasema wazi, wivu ulinikaba. Nilikuwa nakula, nikasukuma sahani pembeni.

Mahamudi alinitazama akasema, "Safi, weye iko na wivu. Hata bugali imejua." Nilimsogezea sahani amalizie. Alikuwa anasema kweli.

Mji ule nauona kila usiku kutoka nyuma ya nyumba, taa zake ng'ambo pale. Nimefika mara nyingi, lakini mimi najua soko lake na hospitali yake tu. Wewe utatembezwa. Utapelekwa ufukoni ukae kwenye kiti chenye kivuli, upigiwe muziki. Utapelekwa kutazama ngoma zile kubwa, na wanaume wanaoingia wakiwa wamezibeba kichwani, kisha wanaruka juu. Utakwenda mtaa wa Buyenzi kuchagua vitenge, na Candide atakusaidia kuchagua, yeye ambaye rangi ya manjano na ya chungwa kwake ni moja.

Jioni moja mtakwenda kutazama viboko. Viboko hao hao, Yasmine, wanapanda huku bondeni kula mahindi ya watu, na hakuna anayeita utalii. Halafu mtakula mukeke wa kuchoma. Haya, kuleni. Samaki haulizwi paspoti, lakini nani ajuaye kama hakupita kwanza nyuma ya nyumba yangu?

Hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni lile la jioni ya mwisho. Candide ameandika kwamba mtapanda kilimani, juu ya mji, mtazame jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Nikasoma tena. Milima ya Kongo ni sisi, mdogo wangu. Chini ya milima hiyo, saa hiyo hiyo, mimi nakunja nyavu za kuanikia na kuingiza ndani ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kabla umande haujashuka. Yaani utoke Lyon, upande kilima cha watu, kunitazama mimi kwa mbali na kusema napendeza?

Na chini kabisa ya programu, baada ya saluni, kumeandikwa: Uvira, kama nafasi itapatikana.

Nisiwe mwongo, Candide alinipigia. Alisema, "Dada, na weye ukuje, chumba iko." Nikamwambia, "Minye nikuje kuwa mugeni mbele ya mudogo wangu? Hapana." Nikakata simu. Huenda alikuwa na nia njema. Sikuwa na hamu ya nia njema siku ile.

Sasa nikuambie kinachoniuma kweli, maana kikikaa moyoni kitachacha. Mwezi uliopita ulituma sauti kwenye grupu. Ulisema, wifi Candide, asante kwa ndagala zako, nimezila zote, hazina hata chembe ya mchanga. Watu wakaweka mioyo na makofi. Candide naye akaweka moyo. Hakusema ni zake, wala hakusema si zake.

Ndagala zile ni zangu. Kila mwaka ni zangu. Nazipeleka mpakani Kavimvira, kaka Kasimu anazipokea, Candide anatafuta msafiri wa ndege wa kukuletea. Kazi yake ni hiyo tu. Mtoto wa milimani yule, ndagala zikiingia nyumbani kwake anafungua madirisha.

Simlaumu sana yeye. Nakulaumu wewe. Nani huku ziwani anaanika ndagala bila mchanga? Wengi wanazimwaga chini ufukoni, jua lifanye kazi. Mama yetu hakukubali. Alifunga vyandarua vikuukuu kwenye miti, juu ya ardhi, mimi na wewe tukasimama huku na huku tukizigeuza kwa mikono mpaka vidole vikanuka wiki nzima. Ulilia shuleni kwa sababu wenzako walikukimbia. Mkono ule wa mama uliuonja huko Lyon, Yasmine, na hukuujua. Ulifikiri ni wa Candide.

Basi, mwaka huu situmi. Protais aliuliza kifurushi kiko wapi, nikampa bahasha hii. Ukifungua mizigo yake usitafute kitu kingine.

Ndagala zipo. Ziko juu ya chandarua nyuma ya nyumba, na upande wako uko wazi, hakuna anayesimama hapo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nitakupa kazi siku ya kwanza. Jioni tutaogelea na nguo zetu kama zamani, tutatwanga majani ya muhogo tule sombe, na kesho yake tutakwenda Makobola kwa mama mkubwa, ambaye kila Ijumaa anauliza kama umefika. Viti vyenye kivuli sina.

Msalimie sana bwana wako, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Mahamudi anakusalimu, anasema uje haraka ili apumzike kelele zangu. Kaka Kasimu nitamsalimia mwenyewe. Candide pia, nikipoa.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akujalie nafasi ipatikane.

Ukikosa kuja, nitajua. Jioni ile ya mwisho nitaacha ndagala zishikwe na umande, nisimame nje nikitazama kilima chenu mpaka giza liingie.

Akupendaye mpaka akaona wivu,
dada yako Safi,
wa huku linakozama jua.