Neno la Mukubwa, Tusi la Mudogo

Kolwezi, Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Asalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua tangu mvua ilipopungua huko Kasongo. Mi ni muzima, Alhamdulillahi. Shangazi Bilkisi, ninayekaa kwake, anakusalimia sana. Duka lake la vitambaa linaendelea vizuri.

Baba, najua baba mdogo Hamadi atakupigia simu. Nimetaka usikie kwanza kutoka kwangu.

Mwezi uliopita Honorable Stany, yule mbunge, alikuja kwenye radio yetu, katika kipindi changu cha asubuhi. Nilimwuliza juu ya vijana wanaochimba kobalti Kasulo na Mutoshi, wale waliotoka Kasai na kwingine. Akajibu hewani, bila kupandisha sauti: “Bale ni mapanya. Banatoboa muji wetu. Barudi kwabo.” Direkta Mwamba, mkuu wa radio yetu, alicheka, kisha akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Nyuma ya kioo cha studio alikaa Badibanga, fundi wetu wa mitambo, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, huko huko Kasai. Ndiye aliyemwekea mgeni mikro ya kusemea. Jioni aliandika kwenye WhatsApp yake kwamba Honorable ni mbuzi asiye na haya. Kesho yake akafukuzwa kwa kumtukana kiongozi, na mke wake Mianda ndiyo kwanza ametoka kujifungua.

Nilikwenda kwa direkta kumwombea. Nikauliza: kama mbuzi ni tusi, panya ni nini? Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto, akasema: “Asia, mukubwa anasemaka. Mudogo ndiye anatukanaka.” Halafu akanipa tangazo nilisome hewani, kwamba radio yetu haivumilii matusi na kwa hiyo imeachana na Badibanga.

Nililisoma lote, Baba, sikuruka neno. Nilipomaliza nikaongeza kwamba, kwa kuwa hatuvumilii matusi, naomba radhi kwa wachimbaji na familia zao kwa kuitwa mapanya na Honorable Stany hapa kwetu. Kisha nikaweka wimbo. Wimbo ulipoanza, direkta alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

Sasa nakuambia lile lililo zito. Nimepoteza kazi, na Honorable huyo ndiye aliyeniombea kazi hiyo, kwa urafiki wake na baba mdogo, ambaye malori yake yanapita vizuizini kwa msaada wa Honorable. Baba mdogo ameona haya sana. Amekwisha kupanga niende kwa Honorable kupiga magoti, nirudishwe. Jana waliningojea. Sikwenda.

Badibanga anatengeneza simu sokoni, na mi namsaidia shangazi dukani. Honorable bado anaalikwa kwenye radio.

Baba mdogo atakuomba uniamuru niombe msamaha. Wewe ni baba yangu, ukiniamuru nitakwenda. Ila kabla ya kuniamuru, tafadhali mwulize jambo moja: ni tusi gani nililolitoa mi.

Mpe mama salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Binti yako anayekuheshimu,
Asia Nasoro