Kumi na Nane kwa Ngapi

Jumatatu, 15 Januari 2024

Nimeanguka! Nilitaka kuegemea meza nivute pumzi — meza ambayo haipo. Imo tu ndani ya miwani ya intaneti iliyonifunika macho: meza ya kijani, na wavu wake katikati. Mkono ukapita hewani, goti likatangulia sakafuni. Miaka hamsini hapa Winnipeg, Kanada, nimejifunza kutoegemea vitu visivyokuwepo, na leo nimedanganywa na meza ya tenisi!

Kaka yangu Fermín, anayecheza nami kwa miwani kama hiyo kule Antofagasta, Chile, alicheka hadi akapaliwa. Pole, mdogo wangu. Pointi ni yangu.

Jioni Ximena akaliona goti. Binti yangu ni muuguzi, hadanganyiki. Ukianguka tena, mama, hiyo miwani naondoka nayo.

Jumanne, 16 Januari

Hakuna mchezo. Miwani inajisasisha. Asilimia kumi na mbili. Baada ya chai — kumi na mbili!

Fermín kapiga simu: Vipi, wanakuchongea meza? Yeye hutania akiwa na haraka. Jumamosi anahamia kwa masista, nyumba ya wazee. Vyumbani hakuna intaneti, na miwani inarudi kwa mjukuu wake. Basi zimebaki siku tatu kumaliza mchezo tuliouacha Januari 1974.

Jumatano, 17 Januari

Imewaka. Lakini vioo vinaota ukungu, na miwani yangu ya kusomea haienei ndani yake. Niliivua nipanguse — ikalala papo hapo, Fermín akakatika katikati ya neno. Kumbe huivui, unaipandisha kipajini tu. Nani aliniambia? Hakuna. Tena mchezo wao unaishia kumi na moja! Wakati wetu ilikuwa ishirini na moja. Tunahesabu kwa mdomo.

Ugomvi ni ule ule. Gari la kunivusha mpaka, niwakimbie wanajeshi waliopindua serikali, lilifika kabla ya saa yake. Niliweka raketi mezani, nikatoka bila koti. Ilikuwa 18 kwa 17. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Yeye anasema ni yeye. Daftari la matokeo nilikuwa nalo mfukoni, likachukuliwa mpakani pamoja na vitabu viwili.

"Hukuwahi kufika kumi na nane kabla yangu, hata ndotoni."

Mwongo mkubwa!

Alhamisi, 18 Januari

Tumepatana: tuanzie 18 kwa 18. Kesho, saa nne asubuhi yangu. Leo mazoezi tu.

Ndani ya miwani Fermín ni kichwa na raketi, basi. Kichwa kimechorwa tabasamu lisilotoka. Raketi inatetemeka hata akiwa amesimama.

Nilimkanya asiegemee meza, maana tangu utotoni hukamata ukingo wake pointi ikiwa ngumu. Akanijibu kwamba wa kuanguka ni mimi.

Ijumaa, 19 Januari

Naandika miwani ikiwa kipajini. Nikiivua inalala, nami nitampoteza.

19 kwa 18, yangu. 19 kwa 19. Alinipigia mpira wa pembeni ule wa zamani, nikasahau goti, nikapiga kelele! 20 kwa 19, yake. Nikasawazisha. Pointi ndefu ajabu. Nikamsikia anahema. Kisha raketi yake ikashuka taratibu kuelekea ukingo wa meza — nikaita, "Fermín, usi—"

Kishindo.

Kichwa chake kiko chini, usawa wa sakafu. Bado kinatabasamu.

Nimeuliza wapi panauma. Nyonga, amesema. Nimempigia simu jirani yake, Berta. Amesema anavaa viatu, anakuja. Ufunguo hana.

"Usiivue, mdogo wangu."

"Sijaivua, kaka."

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika, basi. Ishirini kwa ishirini. Safari hii usije ukasema ulikuwa mbele."

20 kwa 20. Nimeandika. Nimemsomea. Amesema andika na tarehe, nikamwambia ipo juu.

Nasikia mlango wake ukigongwa. Don Fermín! Don Fermín! Berta ana mkono mzito.

"Mwambie mtu anakuja kumfungulia," Fermín ananiagiza. Nani anakuja? Hakuna wa kufungua kule ila yeye.

Sasa anauliza ni zamu ya nani kuanzisha mpira. Nimesema yangu. Hakubisha.

Fermín habishi! Mlango bado unagongwa.