Tulivyocheza Juu ya Milango

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Visigino vinawaka moto. Mazoezi asubuhi nzima katika ukumbi wa kanisa, na bado sitaki kukaa chini. Sista Lupita kasema mguu wangu wa kushoto hatimaye umeamka. Mtawa mfupi huyu kutoka Meksiko, rozari kiunoni, lakini akianza kupiga miguu ungedhani mvua ya mawe imeshukia mabati. Ngoma ya kwao Verakruzi. Anasema huko mchezaji hachezi kimya. Gita ni lake, ngoma ni miguu yetu. Ndiyo maana tulipeleka viatu kwa fundi apigilie misumari chini. Fundi akauliza kama tunaenda kupanda mlima.

Sketi zetu ni mapazia ya mitumba kutoka soko la Gikomba. Yangu ina maua mekundu. Nikizunguka inajaa chumba.

Onyesho ni Jumapili ya tarehe 25. Kamati ya kanisa itatazama, kisha iamue kama darasa hili la ngoma liendelee na watoto wa mtaa wapokewe, au life. Mwenyekiti wa kamati ni Baba yangu. Uwii.

Jumatano, 7 Agosti

Baba kanikuta nikipiga miguu jikoni. Hakupaza sauti. "Mueni, hizi kelele ni za nini kwa binti wa mzee wa kanisa?" Nikamwambia ni utamaduni wa watu, kama sisi Wakamba tulivyo na ngoma zetu. Akasema hata hizo aliziacha alipobatizwa. Kisha akarudi uani kuchonga. Nusu ya swara wa mbao wanaouzwa mjini wamezaliwa uani kwetu.

Nimekasirika. Baada ya hapo nilipiga miguu kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, 17 Agosti

Watoto! Wamejaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Nekesa ndiye aliyewafundisha kuzunguka. Huyu ni shoga yangu wa kiwanda cha sabuni, kicheko chake kinasikika mtaa mzima wa Umoja. Mtoto mmoja alizunguka akaangukia gita la Sista. Gita zima, mtoto mzima.

Nikienda dukani jioni wananiita kwa mbali, "Niaje, Meksiko!" Najifanya nimechoka nao. Uongo. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 23 Agosti

Balaa. Kamati imetunyima ukumbi. Juu ya jukwaa la mbao ndipo huwekwa madhabahu, na misumari yetu inalichubua. Kusema haki, tumeshalichubua. Tumeambiwa tuchezee kiwanjani, kando ya nyumba. Baba ndiye aliyeleta habari, akimega ugali, bila kunitazama.

Sikula.

Jumamosi, 24 Agosti

Tulijaribu kiwanjani. Vumbi tupu. Unapiga mguu kwa nguvu zako zote, unasikia puu, kama mtu kaangusha mfuko wa unga. Misumari inazama. Sista akaweka gita chini. Bila sauti, kamati itaona wasichana waliovaa mapazia wakirukaruka. Darasa litakufa kesho. Nililia kwa hasira.

Tukazunguka kutafuta mbao. Hakuna. Tulipofika kwa Nekesa kunywa maji, akasimama akautazama mlango wake.

"Ebu ngoja. Si hii mlango ni mbao?"

Nikamwambia, "Huo ni wa mwenye nyumba."

"Landilodi ako Thika. Kwani ataskia?"

Bisibisi ikatafutwa, mlango ukatoka kwenye bawaba, tukaulaza kiwanjani. Sista akaupanda. Jamani, ile sauti! Watu walitoka nje na vijiko mkononi. Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeahidiwa milango ya vyumba vya kulala, ya jikoni, hata wa choo. Umoja hii hii, ambako mtu hufunga kufuli akienda kuanika nguo! Tumeapa kuirudisha kesho kabla ya giza.

Umepungua mmoja tu, wa katikati. Hapo ndipo mahali pangu. Nyumbani tunao mlango, ule wa chumba changu. Baba aliuchongea twiga wawili tulipohamia hapa. Sikuthubutu hata kuutaja.

Jumapili, 25 Agosti

Lazima niandike.

Nilitoka Misa nikaja kuchukua sketi. Mlango wa chumba changu haupo. Nikadhani wezi. Nikakimbilia kiwanjani kupiga mayowe, nikamkuta Baba amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili. Mlango wetu uko katikati, twiga wametazama chini, upande laini juu. Alikuwa akisukuma vipande vya mbao chini ya kila mlango usiyumbe.

"Kelele sizipendi," akasema. "Lakini zikiwepo, ziwe za mbao nzuri."

Nikavaa viatu.

Sista akagusa gita. Tukaanza. Milango ikalia! Kila mmoja na sauti yake: wa Nekesa mzito, wa choo mwembamba kama kengele, wetu mkavu, safi. Sketi zikafunguka. Watoto wakapiga makofi palepale Sista alipowafundisha. Akina mama wa Kikamba wakapiga vigelegele, wa Kiluhya wakatikisa mabega, na mimi katikati, mguu wangu wa kushoto ukisema kila kitu nilichoshindwa kumwambia mzee. Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Sijawahi.

Kamati ilikaa kando ikanong'ona. Halafu Baba akasimama. Darasa linaendelea, watoto waje. Jukwaa la kanisa haliguswi, yeye atatutengenezea letu. Nekesa alimkumbatia mwenyekiti mbele za watu!

Milango ikarudi kwa wenyewe kabla ya giza. Wetu tu Baba aliupeleka uani.

Jumanne, 27 Agosti

Mvua nyepesi. Kazini nilichapa taipu siku nzima, vidole vikikumbuka miguu.

Siku mbili nimelala bila mlango, pazia tu. Nilidhani Baba anaupiga msasa kuondoa alama. Nilikuwa na huzuni kidogo, lakini mlango ni wake.

Leo nimeukuta umerudi. Ameugeuza. Twiga sasa wanatazama kitanda changu. Upande wa sebuleni ni ule laini, umejaa vishimo vya misumari yangu, vyote vipo, vimepakwa vanishi vikang'aa.

Katekista alipita kunywa chai. Akavitazama, akauliza kama ni mchwa.

"Hapana," Baba akasema. "Huo mchongo si wangu. Ni wa Mueni."

Akaendelea na chai yake. Niliingia chumbani nikafunga mlango polepole.