Jina Langu Ulilosafiri Nalo

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Machachari,

Pokea salamu zetu. Natumaini mwili haukusumbui na baridi ya huko imepungua. Shemeji hajambo? Na mwanao, meno ya mbele yameshaota? Sisi tunapumua. Goti linamsumbua Mama asubuhi, lakini jua likishapanda anajikongoja mwenyewe mpaka dukani.

Mimi sijambo, ila sipo wodini tena. Tangu Januari nafua shuka za hospitali ileile nilikokuwa muuguzi. Najua Mama ameshakudokeza, lakini Mama akikupa habari huwa anaipunguza makali, kwa hiyo nimeona nikuandikie mwenyewe.

Leseni yangu ya miaka mitatu ilikuwa inaisha, nikaenda ofisi ya usajili kuihuisha. Afisa, mama mmoja wa makamo, alitazama kompyuta, akanitazama, kisha akaitazama tena.

"Leseni hii imefutwa," akasema. "Ulimpa mzee mmoja dawa ya mgonjwa mwenzake, akafa. Barua imetoka ng'ambo, huko unakofanya kazi."

Nikamwambia sijawahi kuvuka mpaka wowote. Akanigeuzia kioo nijionee. Jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, namba yangu ya kitambulisho. Picha ilikuwa yako, Dada. Umevaa sare nyeupe na unacheka.

Wewe uliyeacha chuo mwaka wa kwanza. Wewe uliyekuwa unafumba macho ukiona sindano.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njiani nikaunganisha kipande kwa kipande. Mama alipolazwa kwa upasuaji, nilikuwa nashinda wodini na wewe ukabaki chumbani kwangu, ukasema unanifagilia. Bahasha ya vyeti ilikuwa chini ya godoro. Siku mbili baadaye ukanipigia simu nikiwa nasafisha kidonda cha mtu. "Mdogo wangu, nisomee ile namba iliyoingia kwenye simu yako, nimekosea kuandika yangu." Nikakusomea, tena nikakuuliza kama umeshakula. Kwa namba ile ukaingia kwenye usajili wangu, ukabandika sura yako, ukaomba barua ya uthibitisho. Pasi ya kusafiria ukaipata kwa cheti changu cha kuzaliwa. Nilikusindikiza mpaka kituoni nikiwa nimekubebea sanduku.

Nilimkuta Mama anachambua mchele. Nilipomweleza hakushtuka, na mikono yake haikusimama.

"Nilijua tangu siku anaondoka," akasema. "Alisema analitumia kidogo tu, akitulia atalirudisha."

"Jina si sufuria, Mama."

"Wewe uko nyumbani, unakula. Yeye watamfunga. Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza siku tisa, na katika siku hizo nikatolewa wodini nikapelekwa kufua. Nilikuwa nakungoja wewe, Dada. Nilidhani ukipiga simu utalia, hata kwa kujilazimisha. Ukapiga Jumapili mchana, ukaniambia nivumilie, mimi sina mtoto wa kulisha, na kufua nako ni kazi. Ndivyo ulivyosema. Kisha ukaomba uongee na Mama.

Jumatatu nilikwenda polisi. Askari wa dawati aliniweka vidole kwenye wino, kimoja kimoja, akavilinganisha na vya kitambulisho changu.

"Huyu mwingine ni nani kwako?" akaniuliza.

"Dada yangu. Tumbo moja."

Akaweka kalamu chini. "Niandike?"

"Andika."

Alikuwa mtu mwema, akanifundisha yale ambayo ningeyajua mapema nisingefika pale. Vyeti halisi vifungiwe kwa ufunguo. Kila nakala ya kitambulisho niichore mistari miwili na niandike juu yake ni ya kazi gani na ya tarehe gani, isifae kwa kazi nyingine. Namba inayoingia kwenye simu nisimsomee mtu yeyote, hata mwenye sauti ninayoijua. Na kila mwaka niende mwenyewe kutazama jina langu limeandikwa nini. Nakupa na wewe ili umfundishe mwanao. Mwambie hata mama yake mzazi asimsomee.

Yule mzee aliyekufa alikuwa na binti. Ameandika barua ndefu, iko kwenye faili, na kila mstari ananitaja mimi. Anasema anataka nilione kaburi la baba yake kila nikifumba macho. Nimeisoma mara nne. Nimekuwekea nakala humu, uisome na wewe, kwa kuwa ni yako.

Mama haongei nami. Chakula changu anakifunika na kukiacha mezani, akisikia hatua zangu anaingia chumbani. Lakini ameniomba nikufikishie salamu, na mimi nimefikisha. Nisalimie shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Barua hii niliiandika wiki mbili zilizopita. Naituma leo, baada ya kuambiwa kwamba faili limeshafika kwa polisi wa huko. Wakibisha hodi, wafungulie. Wakikuuliza unaitwa nani, wape jina alilokupa Mama. Nalo ni zuri.

Mungu akupe afya na usingizi.

Wako ninayekupenda bado,
Mdogo wako.