Cheti cha Mama Severina

Faustina uko? Nimetoka shuleni sasa hivi, nimechefukwa.

Unamkumbuka mama Severina aliyekuwa anatupikia makande? Leo shule imetimiza miaka thelathini, wakamwalika aje apewe cheti. Katoka Chimala asubuhi na mapema, kavaa kitenge kipya, kakaa viti vya mbele kama walivyomwelekeza.

Makamu mkuu wa shule akamfuata pale pale. "Mama, wapishi wamepungua. Hebu kawasaidie kidogo."

Kidogo, Faustina. Mtu wa miaka sabini na mbili. Akaenda, maana pale shuleni hajawahi kukataa kazi.

Huku nje wakawa wanasoma historia ya shule, toka enzi za madarasa mawili na wanafunzi kukalia matofali, mpaka wakafika kwenye jina lake. Mwenyewe yuko jikoni anageuza pilau. Cheti akapokea mke wa mkuu wa shule, na picha akapigwa.

Severina akasikia jina lake kwenye spika. Akanawa mikono, akaja mpaka mbele. Mkuu wa shule akamwambia, "Tayari mama, kimeshapokelewa kwa niaba yako."

Kwa niaba yake, na jikoni ni hatua ishirini tu.

Akamtazama yule mke, akasema taratibu, "Basi na pilau akapakue kwa niaba yangu."

Akachukua mkoba wake, akaenda zake stendi. Wageni wamepanga foleni na sahani, hakuna wa kupakua.

Unajua mkuu wa shule kaniuliza nini?

"Kwani yule mama amekasirikia nini?"