Jana Nimelitaja Jina Lako kwenye Usaili

Dada Stela,

Jana asubuhi nimelitaja jina lako mbele ya watu watatu, na sikulitaja kwa wema. Nimeona nikuandikie mwenyewe. Wewe ulinisema nikiwa hai, nikilala chumba cha pili kutoka chako, na hukuniambia. Mimi nakuambia.

Unakumbuka kiwanda cha mafuta kilipouzwa. Tuliitwa wote uwanjani tukaambiwa ajira zetu na shirika zimekwisha, anayetaka kazi kwa wenye mali wapya aombe upya. Kwa meneja tulikuwa makatibu muhtasi wawili, wewe na mimi, na nafasi ikatangazwa moja. Nililia pale kwenye ngazi za ofisi. Ukanishika bega. "Yudita, omba wewe. Mimi nimechoka, narudi Mpwapwa kwa mama nikalime." Nikakuamini. Kwa nini nisikuamini? Ni wewe uliyenipokea nikitoka chuoni, sijui hata kubadilisha utepe wa taipureta.

Wiki mbili nzima ukanifundisha. Kila jioni, uani kwenye nyumba tuliyopanga Makole, unatoa stuli mbili, unashusha miwani mpaka ncha ya pua, unakuwa meneja mgeni. Unaniambia kwa Kiingereza nijieleze. Nikianzia kwa baba na kijiji unagonga ndoo kwa mwiko: "Hawaajiri ukoo wako! Waambie unajua kufanya nini." Ukanikataza kusema "nitajaribu." Ukanikataza kucheka nikiwa na woga, maana unaijua tabia yangu hiyo. Ukanifundisha kubisha, kungoja, kusalimia, kutokukaa mpaka niambiwe. Na kwa sababu ya upepo wetu na vumbi lake, ukasema njiani nijifunike kanga kuanzia kichwani, nikifika nyuma ya jengo niivue, nifute viatu, niingie kama mtu aliyeshushwa na gari mlangoni. Viatu vyenyewe vilikuwa vyako.

Fomu ilitaka jina la mdhamini, mtu anayeijua kazi yangu. Ningemwandika nani mwingine?

Siku ile niliingia vizuri, dada. Sijisifu. Bwana Mhina, afisa utumishi wao, aliniuliza hati mkato, akaniuliza ningemjibuje mgeni mkali aliyekuja bila miadi, nikajibu, akawa anaandika na kutikisa kichwa kuafiki. Halafu akafunga faili akaniuliza, "Je, umewahi kutoa siri za ofisi nje?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikacheka. Kile kicheko changu cha woga. Yeye na wenzake wakatazamana.

Nilirudi nikakusimulia. Ulikuwa unachambua mlenda, hukuinua uso. "Ni maswali ya kawaida tu hayo. Wanakupima."

Wiki iliyofuata wakakuita wewe. Ukaniambia wamekufuata wenyewe, hukuomba. Nami, mjinga mimi, nikakuchinjia kuku. Nilikubebea mkoba mpaka getini siku yako ya kwanza, nikarudi nyumbani nikaanza kupigia watu barua barazani, barua za maombi ya kazi, miaka mitatu, kwa mashine ya kukodi. Sikukuonea wivu. Nilisema angalau nafasi imebaki kwetu.

Ulipougua figo, mama yako akiwa mzee hawezi kusafiri, nani alikuletea uji hospitalini? Nani alikufulia mashuka? Siku moja ulinishika mkono ukasema, "Yudita, wewe ni mtu mwema kuliko mimi." Nikadhani ni homa. Nikakwambia nyamaza, kunywa uji. Dada Stela, ulikuwa unataka kuniambia? Ungesema tu. Mimi nilikuwa na muda wote wa kukusikiliza.

Tulikuzika. Mwezi mmoja baadaye Bwana Mhina akatuma mtu barazani kwangu: njoo ushike kiti kwa muda, wakati tunatafuta mtu wa kudumu. Nilipofika nilianza kwa kupanga kabati lako, kama ulivyonizoeza, mafaili ya zamani kwanza. Chini kabisa nikakuta faili la maombi yaliyokataliwa. Nikalifungua kwa furaha ya kipuuzi, nione barua yangu ilivyokuwa. Nikaiona. Nyuma yake imebanwa yako ya kujiombea kazi. Uliituma kabla yangu! Na nyuma ya hiyo, ile ya udhamini. Uliandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwenye heshima, ila kwa siri za ofisi huwezi kunidhamini, kwa kuwa orodha ya watakaopunguzwa kazi, kabla kiwanda hakijauzwa, ilitoka nje kupitia kwangu.

Dada. Orodha ile niliisikia kwako. Ulininong'oneza wewe, wakati wa chai, ukasema usimwambie mtu, na kesho yake kiwanda kizima kilikuwa kinajua. Nilijua ni wewe, nikakaa kimya, maana wewe ni dada yangu.

Nilikaa sakafuni na ile karatasi. Nilitazama siku uliyoipiga: Jumanne. Jumatano jioni yake ndiyo ulinishonea kifungo cha blauzi ya usaili, ukakata uzi kwa meno. Nimejaribu kuziunganisha siku hizo mbili ziwe za mtu mmoja na nimeshindwa.

Ungeniambia "na mimi naiomba," ingekuwaje? Sitakudanganya, sijui kama ningekupisha. Nilikuwa naihitaji kazi. Labda tungegombana, labda ungehama. Lakini ningekuwa nimeshindwa na mtu aliyesimama mbele yangu.

Basi jana wakafanya usaili wa kiti cha kudumu. Tulikuwa wanne. Sikuvaa kama ulivyonifundisha, nilivaa gauni langu la kanisani. Ila nilibisha, nikangoja, nikasalimia, sikukaa mpaka nilipoambiwa. Hayo nimeshindwa kuyatoa mwilini. Bwana Mhina akaifungua barua yako mezani. "Mama Yudita, umefanya kazi nzuri miezi hii. Lakini hii ipo kwenye faili lako. Unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema si mimi, na kuishia hapo. Marehemu hajitetei. Akauliza, "Basi ni nani?" Sikucheka. Nikasema, "Ni Stela mwenyewe. Mimi nilisikia kwake." Yule mama wa uhasibu aliyekuwa jirani naye akaweka kalamu chini. Mlikuwa mkienda wote misa, unamjua. Akaniangalia kama mtu aliyetukana msibani.

Bwana Mhina akaikunja barua, akasema, "Hii barua ilituletea yeye, ikakukosesha wewe kazi. Nilitakiwa kukuuliza wakati ule ule." Saa nane wakaniita wakanipa kazi.

Sikufurahi kama nilivyodhani. Nilikwenda chooni nikalia, na unajua nililia nini? Nilitaka kurudi nyumbani nikusimulie usaili ulivyokwenda.

Jumamosi ndugu zako wanakwenda Mpwapwa kukujengea kaburi. Siendi. Nimemtumia mama yako salamu kwamba kazi imenibana, na huo ni uongo, Mungu anisamehe. Shikamoo zake nimezituma pia. Yeye hatasikia habari hii kutoka kwangu, wala ndugu zako. Hilo nakuahidi. Akija kuniuliza ulikuwa mtu gani, nitamwambia ulinifundisha kazi, na hiyo ni kweli tupu.

Lala, dada Stela. Nina hasira na wewe bado, na ninakukumbuka mno, kila siku vyote viwili. Siku nitakayoweza kusimama kaburini kwako bila kukuuliza kwa nini, nitapanda basi nije. Sijui ni lini, lakini nitakuja.

Mdogo wako,
Yudita